Faili linalala wapi? Kuchambua na kuboresha taratibu za kazi katika idara ya serikali ya mtaa

MLETA MADA

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika idara ya vibali vya ujenzi ya serikali ya mtaa, kwanza nikipokea maombi dirishani, kisha nikiwa mmoja wa watu watatu waliopewa jukumu la kutafuta chanzo cha ucheleweshaji. Ninaleta uzi huu kwa sababu nimeona idara nyingi zikiianza kazi hii mwishoni. Zinanunua mfumo wa kompyuta, zinaomba watumishi zaidi, zinapeleka watu kwenye mafunzo ya huduma kwa mteja, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukaa akaandika ombi la mwananchi linapita mikononi mwa nani na linalala wapi.

Nianze na faili moja. Lilikuwa la mama aliyeomba kibali cha kuongeza chumba kwenye nyumba yake. Alikuja dirishani kwangu mara nne kuulizia, na mara zote nne nilimjibu kwamba faili liko kwa wataalamu, kwa kuwa ndivyo daftari la masjala lilivyosema. Alipokuja mara ya tano nilimwomba mwenzangu anishikie dirisha, nikaenda kulitafuta mlango kwa mlango. Nililikuta kwenye trei ya mafaili yanayotoka, mezani kwa afisa aliyekwisha kulimaliza siku 11 kabla. Dokezo lake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko safi, limesainiwa na kuwekwa tarehe, na halikuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni mtu wa kulibeba, kwa sababu mhudumu wa ofisi alikuwa likizo na hakuna aliyepangwa kumshikia zamu.

Kibali kilipotoka, nililifungua faili lile na kusoma tarehe za madokezo yote, folio kwa folio, yaani karatasi moja moja zenye namba ndani ya faili, kisha nikawauliza wahusika wote kila mmoja alitumia muda gani kulishughulikia. Jumla ya kazi yenyewe, kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho, ilikuwa chini ya saa 4. Mama yule alikuwa amesubiri siku 52. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tatizo la idara kama zetu kwa kawaida haliko mezani, liko kati ya meza na meza, na kwamba kumhimiza afisa aongeze kasi ya kuandika ni kushughulikia zile saa 4 na kuziacha zile siku 52 kama zilivyo.

Sasa nieleze namna tulivyofanya uchambuzi.

Tulichagua huduma moja tu, na tukabishana kwa muda mrefu kuhusu mahali inapoanzia na inapoishia. Kwa hesabu za ofisi, ombi huanza linapogongwa muhuri wa kupokelewa na huisha mkuu wa idara anapotia saini. Kwa mwananchi, safari huanza siku ya kwanza anapokuja kuuliza nini kinahitajika, na huisha anapokishika kibali mkononi. Tulipokubali hesabu ya mwananchi, zilijitokeza siku ambazo taarifa zetu hazikuwa zimeziona kamwe: siku za kwenda na kurudi kabla fomu haijapokelewa, na siku ambazo kibali kilichosainiwa kilikaa kabatini kwa kuwa hakuna aliyempigia mwombaji simu.

Baada ya hapo tulitembea na faili. Hatukuita kikao cha wakuu wa vitengo watueleze utaratibu, kwa sababu mkuu wa kitengo hueleza utaratibu unavyopaswa kuwa. Tulikaa na karani, na mpimaji, na mkaguzi, tukamwomba kila mmoja atuonyeshe ombi alilolishughulikia asubuhi hiyo. Mbinu hii ni ya zamani. Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi wa mitambo wa Marekani chati za hatua za kazi mwaka 1921, na mwaka 1947 chama cha wahandisi hao kilisanifisha alama tano za kuchorea chati hizo: kazi, usafirishaji, ukaguzi, kusubiri na kuhifadhi. Ukichora safari ya ombi kwa alama hizo tano, utaona mara moja kwamba ni alama ya kazi peke yake inayolisogeza ombi kuelekea uamuzi. Chati yetu ilijaa alama za kusubiri na za usafirishaji kiasi kwamba mwenzetu mmoja aliihesabu upya, akidhani tumekosea.

Pembeni mwa kila hatua tuliandika nyakati mbili, muda wa kuishughulikia kazi na muda ambao kazi ilisubiri kabla ya kuguswa. Idara nyingi hupima wa kwanza na kuusahau wa pili.

Mwisho tulihesabu mafaili yaliyokuwa wazi. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni inayosema kwamba, kwa wastani, idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia kwake kuzidisha muda ambao kila kazi inakaa ndani. Tuseme idara ina mafaili 240 ambayo hayajafungwa, na kila siku ya kazi inapokea mapya 8 na kufunga 8. Ombi linaloingia leo litakaa humo siku 30 za kazi kwa wastani, hata kama maafisa wote wana bidii, na hata kama tangazo la ukutani linaahidi siku 14. Ili ahadi ya siku 14 iwe ya kweli kwa kasi hiyohiyo, mafaili yaliyo wazi hayana budi kushuka hadi 112. Karani yeyote anaweza kuifanya hesabu hii Ijumaa jioni kwa kuhesabu mafaili yaliyo mezani.

Naomba wenye uzoefu wachangie, hasa wanaoona nimekosea.

MCHANGIAJI WA 2 (masjala)

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na ninakushukuru kwa kulitazama faili badala ya kumtazama karani. Mimi niko masjala kwa mwaka wa tisa sasa, na lawama za faili lililopotea huanzia kwetu kila mara. Hata hivyo naona umeligusa kwa haraka mno jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mafaili yanayorudi nyuma.

Chati yako inaonekana kama barabara iendayo mbele. Mezani kwangu mambo hayako hivyo. Ombi linakwenda kwa mpimaji, linarudi kwa sababu nakala ya hati ya kiwanja haisomeki. Mwombaji anaandikiwa barua, analeta nakala nyingine, ombi linakwenda tena, safari hii linafika kwa mhandisi, nalo linarudi kwa sababu mchoro hauna kipimo cha msingi. Kila likirudi linaingia mwisho wa foleni kana kwamba ni jipya. Tuseme ombi linapita meza 6, na kila meza inayakuta maombi 9 kati ya 10 yako sawasawa. Kila mkuu wa kitengo atajisifu kwa asilimia 90, na kwa upande wake atakuwa anasema kweli. Lakini zidisha 0.9 mara sita, utapata 0.53. Karibu nusu ya waombaji watarudishwa angalau mara moja, na hakuna kitengo hata kimoja kitakachoona kwamba kina tatizo.

Chanzo cha marudio hayo ni dirishani, na nasema hivi bila kukulaumu, kwa kuwa ulikaa pale. Anayepokea maombi amepewa orodha ya viambatisho, anahesabu kama vipo vyote, anagonga muhuri. Hana ujuzi wa kuona kwamba mchoro uliopo haufai. Yupo mtaalamu anayeweza kuona hilo kwa dakika chache, lakini ombi litamfikia baada ya wiki mbili. Ningependa kuona mpimaji au fundi sanifu akikaa dirishani saa mbili kila asubuhi, mwombaji akiwa bado amesimama pale na mchoro wake mkononi.

MLETA MADA

Ndugu wa masjala, nimelipokea, na ninakiri kwamba chati yetu ya kwanza ilikuwa na kasoro hiyohiyo. Tulichora njia ya ombi lisilo na dosari, wakati maombi ya namna hiyo yalikuwa machache.

Niongeze kwamba marudio hayo yanazaa kazi nyingine ambayo haionekani popote. John Seddon wa Uingereza, ambaye ameandika sana kuhusu huduma za serikali za mitaa, anatofautisha mahitaji ya aina mbili. Ya kwanza ni yale ambayo ofisi ipo kwa ajili yake, kwa mfano mtu anayeomba kibali. Ya pili yanatokana na ofisi kushindwa kufanya jambo au kutolifanya sawasawa, kwa mfano mtu anayekuja kuuliza ombi lake limefikia wapi, au anayerudi kwa sababu barua haikueleweka. Tuliweka karatasi dirishani kwa wiki mbili, tukawa tunatia alama kwa kila aliyekuja: amekuja kwa aina ya kwanza au ya pili. Kufikia siku ya nne upande wa kuulizia ulikuwa umejaa, na ikabidi tugeuze karatasi. Tulikuwa tumeomba mtumishi wa ziada wa dirishani mwaka uliotangulia, na sehemu kubwa ya kazi ambayo angeifanya ilikuwa ni kuwajibu watu ambao wasingekuja kama tungewapa jibu mapema.

Pendekezo lako la mtaalamu dirishani tulilijaribu kwa mwezi mmoja. Wapimaji walilipinga mwanzoni kwa hoja kwamba wao si wapokezi. Kilichowabadilisha ni kuona rundo lao wenyewe likipungua.

MCHANGIAJI WA 3 (msanifu wa mifumo)

Habari zenu. Ninatengeneza mifumo ya taasisi za umma, na ninaona mjadala huu unaelekea kuidharau teknolojia. Faili la karatasi lililokaa siku 11 kwenye trei lisingekaa hata dakika moja ndani ya mfumo, kwa sababu mfumo hauhitaji mhudumu wa kubeba. Zaidi ya hapo, mfumo unaandika wenyewe saa ambayo kila hatua imeanza na kuisha, kwa hiyo uchambuzi mliofanya kwa kufungua folio moja moja ungepatikana bila kusumbua mtu. Kuna hata lugha ya kuchora michakato inayokubalika kimataifa, BPMN, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011 na kufanywa kiwango cha ISO mwaka 2013. Kwa nini tubaki na kalamu na karatasi?

MLETA MADA

Ndugu yangu, siidharau teknolojia hata kidogo, na kuhusu kumbukumbu za saa uko sahihi kabisa. Ninachopinga ni mpangilio wa hatua. Michael Hammer, mwandishi wa Marekani wa masuala ya usimamizi, aliandika mwaka 1990 akiwaonya wenye makampuni waache kuyaingiza kwenye kompyuta mambo ambayo yalifaa kufutwa, na onyo lile bado linatuhusu.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Ofisi moja ilihamisha maombi yake yote kwenye mfumo, na mfumo ulijengwa kwa kufuata utaratibu wa karatasi hatua kwa hatua. Katika utaratibu wa karatasi, ombi lilipita kwa katibu muhtasari wa mkuu wa idara ili lipangwe katika jalada la saini. Kwenye mfumo hakuna jalada la saini, lakini hatua ile ilibaki. Kila asubuhi katibu muhtasari alifungua maombi, akabonyeza kitufe cha kuendelea, akafungua lingine. Alipougua kwa siku tano, maombi yote yalisimama, na hakuna aliyeweza kwenda kuyachukua kwenye trei kama nilivyofanya mimi na faili la yule mama, kwa kuwa trei yenyewe ilikuwa nyuma ya nywila yake.

Kuhusu BPMN, ni lugha nzuri kwa wanaojenga mfumo. Kwa hatua ya kwanza, nikiwa na karani na mkaguzi chumbani, ninapendelea karatasi kubwa ukutani, mistari ya kutenganisha kila kitengo, na vipande vya karatasi vinavyobandikwa na kubanduliwa. Nimeona watu wakinyamaza mbele ya mchoro wa kompyuta kwa sababu unaonekana umeshakamilika. Mbele ya karatasi ukutani, mkaguzi huinuka mwenyewe, akabandua kipande na kusema kwamba hapa pameandikwa uongo.

Lipo jambo moja ambalo mfumo peke yake ndio unaoliweza, nalo ni kumwondolea mwananchi mzigo wa kubeba taarifa kutoka ofisi moja ya serikali hadi nyingine. Estonia ilianza kutumia mtandao wake wa kubadilishana taarifa, X-Road, mwaka 2001, na msimamo wa nchi ile ni kwamba serikali haimuulizi mtu mara ya pili jambo ambalo tayari inalo kwenye kumbukumbu zake. Ukipitia orodha ya viambatisho vya ombi lolote, weka alama kwenye kila hati ambayo imetolewa na serikali yenyewe. Hizo ndizo za kuanza nazo mtakapojenga mfumo.

MCHANGIAJI WA 4 (mkuu wa idara mstaafu)

Vijana wangu, nimewasoma wote, na nawapongeza. Niseme kitu ambacho sijaona mkikigusa. Nimetia saini maelfu ya madokezo katika utumishi wangu, na ninajua kwamba kila saini iliyomo katika utaratibu ina historia. Hii iliwekwa baada ya jengo kupata nyufa na ikaonekana hakuna mhandisi aliyeukagua mchoro. Ile iliwekwa baada ya mkaguzi wa hesabu kuhoji ni nani aliyeidhinisha msamaha wa ada. Mnapokuja na chati yenu na kusema hatua hii haina thamani, mkumbuke kwamba atakayeitwa kujieleza siku mambo yakiharibika si mchora chati. Anayepokea malipo hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha kibali, na hilo litabaki hivyo hata kama linaongeza siku.

MLETA MADA

Mzee wetu, shikamoo. Hoja yako ni nzito, na ndiyo sehemu ya kazi hii iliyotuchukua muda mrefu kuliko nyingine zote.

Hatukufuta saini yoyote kwa kuitazama kwenye chati. Tulimwendea kila mtia saini na mafaili yake matano, tukamwomba atuonyeshe kwa kidole, ndani ya faili, ni kitu gani anakitazama kabla ya kusaini, na ni kitu gani kingemfanya akatae. Mhandisi alifungua ukurasa wa nondo na vipimo vya nguzo, akaeleza bila kusita. Afisa wa fedha alifungua stakabadhi. Watia saini wawili waliofuata walifungua ukurasa wa mwisho, wakaonyesha saini za waliotangulia, wakasema wao huangalia kama wenzao wameshasaini. Tulipouliza ni lini mara ya mwisho walipolikataa ombi, hawakukumbuka. Vilevile tuligundua kwamba umbali wa jengo kutoka mpaka wa kiwanja unapimwa kwenye mchoro na watu watatu tofauti, na kila mmoja alituambia kwamba halitilii mkazo sana jambo hilo kwa kuwa yupo mwenzake anayelipima. Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Wingi wa saini ulikuwa umepunguza usalama, kwa maana kila mmoja alimwachia mwenzake.

Kwa hiyo tulipendekeza kwamba kila jambo la kukaguliwa liwe na mwenye nalo mmoja, jina la cheo chake liandikwe, na saini yake ieleze amekagua nini. Utengano wa anayepokea fedha na anayeidhinisha haukuguswa. Badala yake tulitenganisha maombi kwa uzito wake. Uzio na kibaraza havina hatari sawa na jengo la ghorofa nne, ilhali kwetu vyote vilipita meza zilezile na kusubiri katika rundo lilelile. Ukarabati mdogo uliwekewa njia fupi ya meza tatu, na mkuu wa idara alikasimu mamlaka yake kwa maandishi, akiwa na haki ya kuchukua sampuli ya mafaili yaliyofungwa na kuyakagua mwenyewe kila mwezi. Hilo la maandishi nalisisitiza. Kukasimu kwa mdomo kunamwacha afisa wa chini bila kinga siku maswali yakija, na ndiyo sababu wengi wao hurudisha faili juu hata walipoambiwa waamue wenyewe.

MCHANGIAJI WA 4

Wangu, marahaba. Hiyo sampuli ya kila mwezi ingenishawishi. Nilichokiogopa siku zote ni kusaini nisichokijua.

MCHANGIAJI WA 5

Nawaheshimu wote mliochangia, lakini mnaongea kana kwamba ucheleweshaji ni ajali. Wako wanaofaidika nao. Mahali ambapo faili linaweza kulala, panaweza kukaa mtu wa kuliamsha kwa malipo. Je, chati zenu zinaonyesha hilo?

MLETA MADA

Ndugu, chati haionyeshi moja kwa moja, lakini tarehe zinaonyesha. Tulipoyapanga mafaili yaliyofungwa kwa tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, yako yaliyoyapita mengine mengi yaliyotangulia, na hakukuwa na dokezo lolote linaloeleza sababu. Hatukumtuhumu mtu, kwa kuwa tarehe peke yake si ushahidi wa rushwa, na kazi ya uchunguzi ina wenyewe. Tulichofanya ni kuweka kanuni kwamba mafaili ya njia moja yashughulikiwe kwa mfuatano wa namba, na atakayeruka namba aandike sababu kwenye dokezo. Namba iliyokuwa ikishughulikiwa siku hiyo ilibandikwa dirishani, ili mwombaji aone mwenyewe ni watu wangapi wako mbele yake.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Maelekezo yake ya mwaka 2006 kuhusu huduma yanasema kwamba mamlaka isipojibu ombi la idhini ya kutoa huduma ndani ya muda uliowekwa, idhini ihesabiwe kuwa imetolewa, isipokuwa pale ambapo kuna sababu nzito ya maslahi ya umma ya kufanya vinginevyo. Kwa ujenzi wenye hatari mimi binafsi sithubutu kupendekeza hivyo. Kwa leseni nyepesi ninaona ni jambo la kufikiriwa, kwa sababu linaihamishia ofisi gharama ya kunyamaza.

MCHANGIAJI WA 6

Katika idara yetu kila kitu kinamsubiri mhandisi mmoja. Hapumziki hata kidogo. Mkuu wetu anasema afadhali hivyo, kwa sababu mtumishi anayekaa bila kazi ni hasara. Mnasemaje?

MLETA MADA

Mkuu wenu anapima kitu kimoja na kulipia kingine. Nadharia ya foleni inatupa hesabu rahisi kwa mtoa huduma mmoja ambaye kazi zinamjia bila mpangilio na zinatofautiana urefu. Akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, kazi itasubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuishughulikia. Akifika asilimia 90 ni mara 9, na akifika asilimia 95 ni mara 19. Mhandisi anayehitaji siku nzima kwa kila mchoro, akiwa na shughuli asilimia 95 ya muda wake, atakuwa na foleni ya siku 19, na hakuna uzembe wowote hapo. Kidogo mkimwondolea, foleni itashuka kwa kiasi kikubwa kuliko mnavyotarajia.

Kabla ya kuomba mhandisi wa pili, kaeni naye siku mbili mwandike kila anachofanya. Wa kwetu tulimkuta akikadiria ada, akijibu simu za waombaji, na akisoma michoro ambayo ingerudishwa na mtu yeyote kwa kuwa haina hata skeli. Mambo hayo matatu yalihamishwa, na yeye akabakiwa na kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza.

MCHANGIAJI WA 3

Nimekubali kuhusu mpangilio wa hatua. Swali langu la mwisho: mnapimaje kama mmefanikiwa? Wateja wangu wote wanataka wastani wa siku.

MLETA MADA

Wastani unadanganya kwa sababu maombi machache yaliyokaa mwaka mzima huuvuta juu, na mengi ya siku mbili huyaficha yale yaliyokwama. Wekeni mediani, yaani siku za ombi lililo katikati kabisa mkiyapanga yote kutoka la haraka hadi la kuchelewa, na pembeni yake idadi ya siku ambazo ndani yake maombi 9 kati ya 10 hutoka. Hiyo ya pili ndiyo inayofaa kuandikwa kwenye tangazo la ukutani. Wekeni pia asilimia ya maombi yaliyopita bila kurudishwa hata mara moja, kama alivyotufundisha ndugu wa masjala.

Na jihadharini na kusimamisha saa. Nimeona ofisi ikitimiza lengo lake la siku 30 kwa kumwandikia mwombaji barua siku ya 28 ikimwomba kiambatisho kidogo, ili hesabu ianze upya. Kwenye taarifa ya robo mwaka kila kitu kilionekana kizuri. Saa ya mwananchi haisimami, kwa hiyo ile ya ofisi nayo isisimame, na siku za kumsubiri mwombaji ziandikwe katika safu yake peke yake.

MCHANGIAJI WA 2 (masjala)

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu. Nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya kuchukua mafaili 20 ya mwisho yaliyofungwa, bila kuchagua, nikaandika tarehe za kila dokezo kwenye lahajedwali. Nilitarajia kukuta mpimaji au mhandisi ndiye anayetuchelewesha. Sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa kati ya siku mwombaji anapolipa ada na siku nakala ya stakabadhi inapoingizwa kwenye faili lake. Mwombaji analipa, anapewa stakabadhi, anaondoka akiamini amemaliza. Sisi tunaisubiri nakala, naye hajui kama anatakiwa kuirudisha, kwa sababu barua ya kudai ada inataja kiasi na mahali pa kulipia, kisha inaishia hapo.

Barua hiyo ina aya mbili. Nimeandika aya ya tatu na kuipeleka kwa mkuu wa idara pamoja na lahajedwali, na nimependekeza kitengo cha fedha kituletee orodha ya waliolipa kila jioni ili tusimtegemee mwombaji kabisa. Ameidhinisha aya. Kuhusu orodha, tuna kikao na watu wa fedha Jumatano, na nimeomba niende na mafaili yenyewe ili wayafungue.